Cheni Iliyonuka Siagi

Chechelesi, Isiolo
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kwa Kotile,

Salaam aleikum. Mungania wa lori atakupa mfuko wenye cheni mpya na sproketi zake mbili, yale magurudumu ya meno, ya mbele na ya nyuma. Hii ni cheni ya tatu tangu Machi. Hapa karakana kwangu wanakuja vijana wanaobeba mawe ya kujenga, na cheni yao hukaa mwaka mzima. Sijui yako inaliwa na nini.

Nakuandikia kwa sababu kwenu hakuna netiwaki. Tena karatasi unaweza kuiweka chini ya jiwe ukaisoma huku mikono imejaa grisi. Simu haikubali hivyo.

Kila jioni, cheni ikiwa bado na joto la safari, ipanguse kwa kitambaa kikavu. Kila Ijumaa isugue kwa mswaki mzee na mafuta ya taa. Petroli hapana. Kisha tia matone machache ya oili ya gia upande wa ndani, ule unaogusa meno, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Ngoja kidogo, pangusa tena, mpaka ukiishika kidole kitoke karibu safi. Watu hudhani mafuta mengi ni mapenzi mengi. Mchanga wa huko ukikutana na mafuta unageuka msasa, na msasa haujui kupumzika. Kama huwezi kupaka kidogo, heri uiache kavu. Ilegee vidole viwili katikati, isizidi.

Sasa la pili. Pikipiki ni ya kikundi cha akina mama wanaouza maziwa, si yako wala yangu. Mama Fahmo, mwenyekiti wao, alikuja hapa Jumatano na hakuketi. Alisema maziwa ya ngamia yamemwagwa mara mbili kwa sababu wewe ulikuwa umekwama porini. Ikitokea tena, pikipiki inaenda Oldonyiro kwa kijana mwingine.

Mimi ndiye niliyewashawishi wakupe wewe. Niliwaambia: huyu ana mama asiyeona, nyumba haina mtu mwingine, akipata kazi ya kwao hataondoka, na mtu asiyeondoka hutunza chombo. Usinifanye mwongo.

Hamdia Abshir, fundi

*

Nyumbani, ng'ambo ya Merti
Alhamisi, 26 Juni 2025

Kwa Dada Hamdia,

Aleikum salaam. Vitu vimefika vyote. Nimefunga cheni vile ulivyosema na nimeweka barua yako chini ya jiwe. Mbuzi alikula kona moja lakini haikuwa kona yenye maneno.

Nafuata. Jioni napangusa. Ijumaa nilisugua kwa mswaki. Cheni ikikaa kavu siku mbili inaanza kupiga kelele, tena nyembamba, hata nikifika bomani mtu aliye ndani ya nyumba anajua ni mimi. Mama anasema pikipiki inalia. Nilimwambia fundi ameagiza hivyo.

Mama ni mzima. Alikusalimia. Anasema sauti yako hajaisikia lakini mtu anayetuma vitu na maelezo yake ni mtu aliyelelewa.

Nina swali. Juzi walipita wazungu wawili na pikipiki kubwa, wakasimama dukani Merti kununua maji. Nilichungulia gurudumu la nyuma sikuona cheni. Kulikuwa na bomba tu. Je, iko pikipiki inayokwenda bila cheni? Na iko ya bei ya watu?

Kuhusu ile ya kuliwa na nini, sijui, dada. Njia ni mbaya.

Kotile

*

Chechelesi
Jumamosi, 28 Juni 2025

Kwa Kotile,

Salaam. Umeuliza swali la fundi, nakujibu kama fundi.

Nguvu ya injini inafika gurudumu la nyuma kwa njia tatu. Ya kwanza ni cheni, unaijua, na taabu yake unaijua. Ni rahisi, ni nyepesi, na ikikatika unaweza kuiunga ukiwa umechuchumaa njiani.

Ya pili ni belti. Ni mpira mgumu wenye meno, hautaki mafuta wala haupigi kelele. Umetengenezewa lami. Kokoto moja ya huko kwenu ikiingia kati ya belti na gurudumu lake inaitoboa, na belti haiungwi. Unakaa hapo mpaka mtu akuletee nyingine kutoka Nairobi, na Nairobi yenyewe waitafute.

Ya tatu ndiyo uliyoiona kwa wazungu. Inaitwa shafti. Ni chuma kirefu ndani ya lile bomba, kinazunguka, na mwisho wake kuna gia zilizofungiwa ndani ya oili yake. Mchanga hauioni na mvua haiijui. Ubaya wake ni uzito, na gia zikivunjika hakuna fundi Merti wa kuzigusa.

Babangu, Mungu amrehemu, aliacha moja hapa. Aliinunua kwa mhandisi wa barabara na akaiendesha miaka kumi na tano. Tangu afe imefunikwa turubai nyuma ya karakana. Watu wawili wameitaka nikakataa. Basi usiniulize.

Mwambie Mama cheni kavu hulia, na kulia si kuumwa. Mradi haikatiki, iache ilie.

Hamdia

*

Nyumbani
Alhamisi, 10 Julai 2025

Kwa Dada Hamdia,

Salaam aleikum. Cheni imekatika jana katikati ya laga, ule mto mkavu, saa nne asubuhi, mitungi minne ikiwa imejaa. Nilisukuma mpaka saa tisa. Maziwa yalikuwa yameharibika kitambo lakini sikutaka kuyamwaga kabla ya kufika, nikaona ni kama kukubali.

Nimempa Mungania ile cheni kwenye gunia uiangalie mwenyewe. Nimeunga ya zamani kwa muda.

Kama unaweza, usimwambie Mama Fahmo kabla hujaniandikia.

Kotile

*

Chechelesi
Jumamosi, 12 Julai 2025

Kwa Kotile,

Nimefungua gunia. Nimekaa na hiyo cheni mezani asubuhi nzima, na wateja wamenisubiri.

Kwanza nilidhani umetia oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Nikaikwangua kwa msumari. Ndani ya viungo kumejaa tope la kijivu, gumu, limeshikana na mchanga. Hakuna pini iliyobaki duara. Nikaleta pua. Kotile, cheni hii inanuka arusi. Inanuka siagi, siagi ya ng'ombe iliyotoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mimi si Mborana lakini nimekula kwenye arusi za Waborana mara za kutosha.

Siagi hairuki yenyewe ikaingia kwenye cheni. Nimefikiri sana na nimepata njia moja tu. Unabeba siagi ya wafanyabiashara juu ya mitungi ya akina mama. Jua linawaka, inayeyuka, inatiririka nyuma ya kiti na kuingia kwenye cheni. Kwa hiyo unachosha pikipiki ya watu kwa mzigo usio wao, na mafuta ya mzigo huo ndiyo yanayoimaliza.

Mimi sipendi kumhukumu mtu kwa harufu. Nijibu kwa neno moja. Ni siagi au si siagi? Na kama ni siagi, ni ya nani?

Kwa Fahmo nimenyamaza mpaka lori lirudi.

Hamdia

*

Nyumbani
Alhamisi, 17 Julai 2025

Kwa Dada Hamdia,

Ni siagi. Nilibeba. Ni ya watu wa Merti, hutawajua.

Samahani kwa kukufanya mwongo mbele ya akina mama.

Kotile

*

Chechelesi
Jumamosi, 19 Julai 2025

Kwa Kotile,

Barua yako nilimsomea Mama Fahmo jana. Ni mistari mitatu tu, haikuchukua muda. Aliuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Mungania ana nafasi kwenye lori akirudi Alhamisi. Mpakilie pikipiki pamoja na mitungi, vioo na ile spana niliyokuazima. Kijana anaitwa Lotukoi, wa Oldonyiro, ndiye atakayeichukua.

Kilichonikera si siagi. Ungeniambia una shida ningekutafutia mzigo wa halali. Nilikuamini mbele ya watu, na watu wa mji huu wana kumbukumbu ndefu. Babu yangu alikuja hapa na jeshi la Waingereza akapewa kiwanja, na mpaka leo kuna wazee wanaonikumbusha kwamba sisi ni wageni. Jina langu nalitengeneza kila siku kama hizi injini. Wewe umelitia mchanga.

Nimeandika kwa hasira na siifuti.

Hamdia Abshir

*

Nyumbani
Alhamisi, 31 Julai 2025

Kwa binti yangu Hamdia, fundi wa Isiolo,

Salaam aleikum. Ni mimi Qabale, mama yake Kotile. Mimi siandiki. Anayeandika ni Sagal, mwalimu wa watoto wadogo hapa kwetu. Mimi nasema Kiborana, yeye anakiweka kwa Kiswahili.

Kotile alirudi Ijumaa kwa miguu. Akaniambia pikipiki imeenda kutengenezwa. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyepeleka kitu kutengenezwa. Jana akiwa ameenda kuangalia mbuzi nilipapasa koti lake nikakuta karatasi zako mbili, nikamwita Sagal. Najua si adabu kusomewa barua ya mtu mwingine. Asiyeona hujisaidia anavyoweza.

Nimesikia ulichoandika. Mwanangu hajabeba siagi ya mtu. Siagi ni yangu.

Nyumbani kwa mama yangu, kitu kipya kikiingia bomani kilipakwa dhadha, yaani siagi. Ndama alipakwa, bi arusi alipakwa, hata mlango mpya ulipakwa. Na kitu kinacholia kilipakwa mara mbili. Kila alfajiri baada ya swala natoka na kibuyu changu, naishika ile pikipiki kuanzia pembe zake mpaka nyuma. Kila mahali ni laini. Nikifika kwenye ile kamba ya chuma naikuta kavu, imechakaa, ina makali. Na mchana nilikuwa nimeisikia ikilia kutoka mbali. Basi nikaipaka vizuri, nikaingiza kidole kila kiungo. Hakuna mahali nilipopaka sana kama hapo.

Hakuniambia hata siku moja kwamba nakosea. Alikuwa anasema, asante Mama, leo imetulia.

Kama kuna mwizi ni mimi, na sikujua naiba nini. Nieleze.

Qabale

(Mimi Sagal naongeza langu, Mama hajui. Kotile alikuwa akiipeleka pikipiki nyuma ya kichaka na kuifuta. Nilimkuta mara mbili. Mara ya pili aliniambia ameacha kufuta, kwa sababu jioni Mama huishika tena, akiikuta kavu ananyamaza mpaka kulala. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimweka hapa. Sasa anatafuta nafasi ya lori aende Nairobi.)

*

Chechelesi
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Kwa Mama Qabale,

Salaam aleikum, Mama. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Nimekosa. Nalisema hili kabla ya jingine lolote. Nilinusa cheni nikajifanya hakimu. Mtoto wako aliona heri aitwe mwizi kuliko mkono wako uitwe mharibifu, na mimi nikampokea huo wizi haraka haraka kwa sababu ulifanana na nilichokuwa nimekwisha kuamua. Haraka haraka haina baraka, nawaambia wateja kila siku.

Umetaka nikueleze. Siagi asubuhi ni ngumu, inashika. Jua likipanda inayeyuka na kuingia ndani ya viungo. Njia nzima gurudumu linairushia mchanga. Jioni baridi ikija inaganda tena ikiwa na mchanga tumboni. Kesho cheni inazunguka maelfu ya mara juu ya mchanga huo. Hata oili yangu mimi mwenyewe, ikizidi, inafanya vile vile. Kwa hivyo hukukosa kwa kupaka, Mama. Kile chuma hakina pa kuweka upendo mwingi.

Nilikwenda kwa Mama Fahmo nikamsomea barua yako yote. Akasema pikipiki imekwisha kwenda Oldonyiro, Lotukoi ameanza kazi, naye hana kosa la kunyang'anywa. Ni kweli.

Nina swali moja, na kama si la kuulizwa nisamehe. Kwa nini baraka unaweka kwenye pikipiki? Kwa nini usimpake Kotile mwenyewe?

Hamdia

*

Nyumbani
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Kwa binti yangu Hamdia,

Aleikum salaam. Galatoma, asante kwa kunieleza. Nimeelewa habari ya mchanga. Hakuna aliyeniambia.

Swali lako nalijibu kwa sababu umeuliza vizuri.

Nilikuwa na mtoto wa kwanza, Halakhe. Alikuwa dereva wa pikapu ya duka. Asubuhi ya safari yake ya mwisho nilimpaka siagi utosini kwa mkono huu wa kulia. Nilipaka vizuri, sikuharakisha, nikamtaja baba yake na babu yake. Pikapu ilipinduka kabla ya adhuhuri. Wakati huo nilikuwa bado naona. Walipomleta siagi ilikuwa bado kwenye nywele zake.

Wazee walisema ni kazi ya Mungu, na mimi nasema ni kazi ya Mungu. Lakini tangu siku hiyo mkono wangu umekataa kichwa cha mtu. Watoto wa majirani wakizaliwa huniita, natafuta sababu ya kutokwenda. Naogopa mkono wangu. Ndiyo maana nikapaka pikipiki. Nilisema moyoni, kama mkono wangu una kitu kibaya, kiishie kwenye chuma.

Kumbe kilikuwa kinaishia huko kweli.

Kotile amepata nafasi ya lori mwisho wa mwezi. Anasema ni kulinda geti Nairobi, miezi mitatu tu. Amenitafutia mtu wa kunichotea maji. Sijamwambia abaki. Mtu akishamharibia mwenzake kazi hana haki ya kumwambia abaki. Lakini wewe nakuambia: sitaki aende. Sitaki kabisa.

Qabale, kwa mkono wa Sagal

*

Chechelesi
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Kwa Kotile,

Salaam aleikum. Usiende Nairobi. Mungania ana mzigo wako, na hautoshi kwenye mfuko safari hii. Tafuta watu wanne wa kuushusha.

Ni pikipiki ya babangu. Nimetoa turubai, nimebadilisha mipira yote, nimesafisha kabureta, nimeiwasha. Ilikataa mara sita ikakubali ya saba. Nimeiendesha mpaka daraja la mto na kurudi, na wazee wa soko wakasimama kuangalia. Si zawadi. Nakuazima mpaka nitakaposema vingine, na sijapanga kusema.

Usinishukuru kwa barua ndefu. Nilikukosea nikakuharibia jina, na samahani ya mdomo haibebi mitungi. Ndiyo hesabu yangu yote.

Mama Fahmo amekubali uchukue tena maziwa ya upande wenu. Aliuliza jambo moja tu, kama inaweza kubeba mitungi minne. Nikamwambia babangu aliwahi kubeba mlango wa chuma na shemeji yake juu.

Sasa sikiliza. Hii haina cheni. Usitafute cha kukaza wala cha kupaka. Mwisho wa lile bomba, kwenye gurudumu, kuna kifuniko chenye boliti mbili. Ya juu ni ya kutilia oili, ya chini ni ya kumwaga. Kila mwisho wa mwezi, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye ardhi sawa, fungua ya juu uangalie. Oili iwe inafika mdomoni. Kama haifiki, tia ile nzito niliyokufungia kwenye chupa, na usiache boliti wazi hata kwa dakika ya kupokea salamu. Mchanga ukiingia humo, hautoki mpaka umekula kila kitu.

Kuna mpira mweusi uliokunjwakunjwa pale bomba linapoungana na injini. Uangalie kila wiki. Ukipasuka, funga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, uniandikie siku hiyo hiyo.

Ukiondoka kwa nguvu, nyuma itainuka kidogo. Usishtuke, shafti zina tabia hiyo. Ondoka pole pole. Ni nzito, na kwenye mchanga wa laga itakulaza mara moja au mbili kabla hamjazoeana. Usilazimishe gia.

Habari ya Mama na siagi siandiki. Ni ya nyumbani kwenu.

Hamdia

*

Nyumbani
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Kwa Dada Hamdia,

Salaam aleikum. Ilishushwa na watu sita. Imenilaza mara moja tu, na ilikuwa mbele ya duka, kila mtu ameona, kwa hivyo hilo limekwisha. Leo ni siku ya nne. Maziwa yote yamefika mazima. Haipigi kelele yoyote. Mbuzi hawanisikii nikifika, nimekaribia kumgonga mmoja.

Sikwenda Nairobi. Ile nafasi ya lori nimemwachia mwingine.

Nilitaka kukuandikia habari za mpira mweusi na oili, na ziko sawa, lakini nitakuandikia ya Jumatatu.

Jumatatu ndiyo ilikuwa safari ya kwanza. Nilitoka alfajiri kuiwasha, nikamkuta Mama amesimama pale na kibuyu chake. Sagal amenieleza yote yaliyoandikwa, hata ya Halakhe. Mimi nilikuwa na miaka tisa wakati ule, na kwetu hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini Mama hanishiki kichwa. Nilidhani ni tabia yake.

Alitia siagi kwenye kiganja akaanza kuipapasa pikipiki kuanzia mbele. Ushikio, tangi, kiti. Hakupaka, alikuwa anashika tu kwa mkono mwingine. Akafika nyuma, akachuchumaa, akatafuta cheni. Akatafuta upande huu, akazunguka akatafuta upande wa pili. Akauliza, "Kamba yake iko wapi?"

Nikamwambia, "Hii haina, Mama. Inazungushwa na chuma kilicho ndani ya hili bomba."

"Na mafuta yake?"

"Yamefungiwa ndani. Fundi ametia."

"Kwa hivyo haitaki kitu kutoka kwangu."

Nikasema, "Haitaki, Mama." Ilikuwa ngumu kusema, dada. Nilikuwa nimesema ndiyo tangu Machi mpaka Julai kwa sababu sikuweza kusema hapana mara moja.

Alikaa pale chini na siagi mkononi. Jua lilikuwa bado, lakini siagi ilikuwa imeanza kulainika kwa joto la kiganja, ikamshuka mpaka kwenye kiwiko. Nilisikia ngamia wakianza kuamka. Nilikuwa nachelewa, maziwa yananingoja, na sikuweza kuwasha. Aliuinua mkono, akaushusha, akauinua tena.

Kisha akasema, "Basi lete kichwa."

Nilivua kofia nikapiga magoti. Mkono ulichukua muda mrefu kufika. Alipaka pole pole, utosini, akashuka mpaka nyuma ya masikio. Alitaja jina la baba, la babu, na la Halakhe. Akaniambia, "Nenda urudi." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu, na yangu pia ilikuwa hivyo nilipojibu.

Sijawahi kuendesha pole pole kama siku hiyo. Siagi iliyeyuka ndani ya helmeti ikanishuka usoni. Nilifika Merti nang'aa, wanaume wa dukani wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Nilirudi saa kumi. Nilizima injini mbali kidogo nikaona Mama amesimama mlangoni, na kwa kuwa pikipiki hii hailii, hakuwa amejua kama nimefika. Nikamwita. Akanyoosha mkono akanipapasa kichwa chote, uso wote, mabega, kama mtu anayehesabu mifugo jioni.

Akasema kesho niamke mapema, kwa sababu siagi bado iko.

Kotile Ganya